Joto, Maji na Beseni la Barafu: Mwongozo Kamili wa Kumlinda Mchezaji wa Futiboli ya Kimarekani

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Julai, timu za futiboli ya Kimarekani zinapoingia kambini, mimi hupokea maswali ya wasomaji wanaoishi Houston, Phoenix na Dallas, wenye vijana uwanjani au wanaosaidia timu za mtaani, na karibu wote huwa wamekwama mahali pamoja. Wamenunua maji kwa katoni, wamemsisitiza mchezaji anywe kila baada ya dakika kumi, na bado mchezaji amebanwa na misuli, ametapika au ameanguka. Kosa lao ni kuanza na chupa na kuishia kwenye chupa.

Mchezaji aliyekunywa maji ya kutosha anaweza kupatwa na kiharusi cha joto vilevile, yaani mwili kupata joto kupita kiasi hadi akili ikavurugika, kwa sababu joto linalomdhuru halitoki juani peke yake. Sehemu kubwa huzalishwa na misuli yake mwenyewe. Mtu wa kilo 140 anayecheza mstari wa mbele, amevaa helmeti na pedi za mabega, huzalisha joto jingi kuliko ngozi yake inavyoweza kulitoa, hasa pale unyevu wa hewa unapozuia jasho kukauka.

Hatua zinazofuata zinatokana na kanuni wanazozifuata wataalamu wa tiba ya michezo katika timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, na katika vyuo vikuu vya Marekani. Nimezipanga ili hata timu isiyo na bajeti kubwa iweze kuzifuata. Hazichukui nafasi ya daktari wa timu, na mahali ambapo daktari yupo, neno lake ndilo la mwisho.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya siku ya kwanza

- Mizani ya kidijitali inayobeba hadi kilo 200 na kuonyesha tofauti ya gramu 100, pamoja na ubao mgumu wa kuiweka juu yake.
- Daftari au jedwali lenye jina la kila mchezaji, uzito wa kabla, uzito wa baada na kiasi alichokunywa.
- Chupa moja kwa kila mchezaji, yenye jina lake na alama za ujazo.
- Kifaa cha kupimia joto la mazingira cha aina ya WBGT, ambacho huunganisha joto la hewa, unyevu na mionzi ya jua.
- Kipimajoto cha njia ya haja kubwa chenye waya unaonyumbulika, kinachoweza kusoma hadi nyuzi 44 za Selsiasi, pamoja na glovu na mafuta ya kulainishia.
- Beseni kubwa la lita 400 hadi 600. Katika maduka ya vifaa vya kilimo nchini Marekani, mabirika ya kunyweshea ng'ombe hufanya kazi hii vizuri, na mara nyingi bei yake haizidi ile ya helmeti moja nzuri.
- Makasha manne makubwa ya barafu, shuka mbili imara, taulo kumi na mbili na turubai moja.
- Mkasi mzito wa kukatia jezi na kamba za pedi.
- Chumvi ya mezani, pakiti za ORS na kinywaji cha michezo.

Kifaa ambacho wasomaji wengi hukiruka ni kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kwa sababu ya aibu. Nitaeleza katika hatua ya 7 kwa nini vipimajoto vya kwapani, mdomoni, sikioni na kwenye paji la uso havifai kabisa kwa kazi hii.

## Hatua ya 1: Mjue mchezaji kabla hajagusa nyasi

Zungumza na kila mchezaji faraghani na uandike majibu yake. Uliza kama amewahi kuugua kutokana na joto, kama ana homa au anaharisha wiki hiyo, kama amelala vya kutosha, na dawa anazotumia. Dawa za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za mafua na mzio, na dawa za kusisimua mwili, zikiwemo zile za tatizo la umakini, humwongezea mtu hatari. Vidonge vya kupunguza uzito na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo viulizwe kwa majina. NFL ilipiga marufuku efedra, mmea wa kusisimua mwili uliokuwa ukitiwa kwenye vidonge vya aina hiyo, mwaka 2001, na serikali ya Marekani ikaiondoa katika virutubisho mwaka 2004.

Swali ambalo halipaswi kurukwa katika familia zenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo ni la selimundu. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu kwa kawaida huishi bila dalili yoyote, na katika maeneo ya pwani na ya kandokando ya Ziwa Victoria watu hao ni wengi. Hata hivyo, mazoezi makali kupita kiasi, joto au mwinuko mkubwa vinaweza kumwangusha. Ryan Clark, aliyekuwa beki wa Pittsburgh Steelers, alicheza Denver mwaka 2007, katika mwinuko wa takriban mita 1,600, na matokeo yake akaondolewa wengu na kibofu cha nyongo. Vyuo vya daraja la kwanza Marekani vilianza kupima wanamichezo wao kinasaba hiki mwaka 2010. Mchezaji mwenye kinasaba hicho hazuiwi kucheza. Anapewa mapumziko marefu zaidi kati ya mbio, na anaposema miguu imeishiwa nguvu, anasimama hapohapo bila kubishiwa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na orodha fupi ya majina ambayo macho yako hayatayaacha wakati wa mazoezi. Wachezaji wanene wa mstari wa mbele na wageni waliotoka likizo bila kufanya mazoezi waingizwe humo bila mjadala.

## Hatua ya 2: Zoesha mwili kwa siku 14

Mwili unahitaji kati ya siku 10 na 14 kujipanga upya. Katika siku hizo kiasi cha majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi, na chumvi inayopotea ndani ya jasho hupungua. Hakuna njia ya mkato.

Ratiba inayotumika sana kwa vijana ni hii: siku ya 1 na ya 2 wavae helmeti tu, siku ya 3 hadi ya 5 waongeze pedi za mabega, kuanzia siku ya 6 wavae vifaa vyote. Katika siku tano za kwanza pawe na zoezi moja tu kwa siku. Timu za kulipwa zilikuwa na desturi ya kufanya mazoezi mawili mazito kwa siku moja, lakini mkataba kati ya wachezaji na wamiliki wa NFL wa mwaka 2011 uliifuta desturi hiyo, kwa hiyo kocha anayeirudisha kwa kisingizio cha kuwakomaza vijana anataka kuwa mkali kuliko NFL yenyewe.

Tahadhari: usikubali hoja ya "mimi ni mtoto wa Mombasa, joto nimelizoea". Kuishi kwenye joto si sawa na kukimbia ndani ya joto ukiwa umefunikwa kichwa na mabega. Mchezaji aliyekosa siku kadhaa kwa ugonjwa naye arudishwe nyuma kwenye ratiba. Asirukie pale walipofika wenzake.

Ukiona mapigo ya moyo ya mchezaji kwa zoezi lilelile yanapungua mwishoni mwa wiki ya pili, na analalamika kidogo, mwili wake umeitikia.

## Hatua ya 3: Pima uwanja, usipime simu

Joto linaloonyeshwa na simu ni la kivulini kwenye kituo cha hali ya hewa, pengine umbali wa kilomita kadhaa. Uwanja wako una jua kali, na kama una nyasi bandia, uso wake unaweza kuzidi nyuzi 60 wakati hewa ina nyuzi 35 tu. Ndiyo maana kifaa cha WBGT husimamishwa katikati ya uwanja, dakika 30 kabla ya mazoezi, na kusomwa tena kila baada ya nusu saa.

Hesabu yake hufanywa hivi: asilimia 70 ya kipimo cha balbu yenye unyevu (kipimajoto ambacho ncha yake imefungwa kitambaa kilicholowa maji), asilimia 20 ya kipimo cha globu nyeusi inayopigwa na jua, na asilimia 10 ya joto la kawaida la hewa. Chukua siku yenye hewa ya nyuzi 32, balbu yenye unyevu nyuzi 26, na globu nyuzi 45. Utapata 18.2 kujumlisha 9 kujumlisha 3.2, yaani 30.4. Unaona jinsi unyevu ulivyobeba uzito mkubwa kuliko jua.

Chama cha michezo ya shule za sekondari jimboni Georgia kilianza mwaka 2012 kutumia viwango ambavyo vimeigwa na wengi, na mimi pia navipendekeza:

- Chini ya 27.8: mazoezi ya kawaida, mapumziko matatu ya dakika tatu kila saa.
- 27.8 hadi chini ya 30.6: mapumziko matatu ya dakika nne kila saa, na macho yawe kwenye orodha ya hatua ya 1.
- 30.6 hadi chini ya 32.2: mazoezi yasizidi saa mbili, wavae helmeti, pedi za mabega na kaptula tu, wapumzike mara nne kwa dakika nne kila saa.
- 32.2 hadi 33.3: saa moja tu, bila vifaa vya kinga, bila mbio za kujenga pumzi, na dakika 20 za mapumziko ndani ya saa hiyo.
- Zaidi ya 33.3: hakuna mazoezi ya nje.

Mfano wetu wa 30.4 umekosa kidogo tu kuingia kundi la tatu. Mimi ningewavua suruali zenye pedi siku hiyo, kwa sababu saa moja baadaye namba itakuwa imepanda.

Mapumziko yawe kivulini, helmeti zikiwa zimevuliwa. Katika uwanja wa Hard Rock huko Miami, paa limejengwa kwa namna ambayo katika mechi za mchana za Septemba upande wa wenyeji hupata kivuli huku wageni wakichomwa na jua, na mtu yeyote aliyetazama nyuso za wachezaji wa pande hizo mbili katika robo ya nne anajua thamani ya kivuli.

## Hatua ya 4: Mizani kabla, mizani baada

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kabla ya mazoezi mchezaji aende haja ndogo, avue kila kitu isipokuwa kaptula kavu, apande mizani, na uandike namba. Baada ya mazoezi avue jezi na soksi, ajifute jasho kwa taulo, avae kaptula kavu nyingine, apande tena. Jezi iliyolowa inaweza kubeba zaidi ya kilo moja ya jasho, na msomaji anayempima mchezaji akiwa amevaa jezi hiyo hugundua kwamba "hajapoteza chochote", kisha hamnyweshi. Kosa la pili ni kuweka mizani juu ya nyasi au zulia. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika ukurasa mzima wa namba zisizo na maana kwa kosa hilo, kabla mchezaji mmoja hajaniuliza kwa upole amewezaje kuongezeka kilo nne kwa saa mbili.

Kanuni ni hii: uzito uliopungua, jumlisha alichokunywa, toa mkojo aliokojoa katikati, ni sawa na jasho lililotoka. Kilo moja huhesabiwa kama lita moja.

Chukua mchezaji aliyeanza na kilo 142.0 na kumaliza na 139.6 baada ya saa mbili, akiwa amekunywa lita 2.2 bila kwenda haja. Amepungua kilo 2.4, kwa hiyo jasho lake ni lita 4.6, sawa na lita 2.3 kwa saa. Kiasi hicho si cha ajabu kwa watu wa mstari wa mbele. Upungufu wake ni asilimia 1.7 ya uzito, bado chini ya asilimia 2, mpaka ambao ukivukwa, nguvu na umakini huanza kushuka na joto la mwili hupanda haraka zaidi.

Asubuhi inayofuata mpime tena. Akiwa bado chini ya uzito wake wa kawaida kwa zaidi ya asilimia 2, asivae vifaa mpaka alipe deni hilo. Kocha atalalamika, na ndiyo sababu namba ziko kwenye daftari, si kichwani mwako.

Rangi ya mkojo iwe shahidi wa pili. Rangi ya maji ya limau ni nzuri, ya juisi ya tufaha inaashiria upungufu, na ya kahawa au kola ni dharura ya hospitali, kwa kuwa inaweza kumaanisha kwamba misuli inavunjika na kuziba figo.

Baada ya siku tatu au nne za kupima kwa usahihi, kiwango cha jasho cha kila mchezaji kitaanza kujirudia. Ukifika hapo, umefaulu, na unaweza kupanga maji yake kama unavyopanga chakula.

## Hatua ya 5: Mnyweshe kwa kipimo, na chumvi isisahaulike

Tumbo la mtu mwenye mazoezi hupitisha takriban lita moja kwa saa, wakati mwingine zaidi kidogo. Mchezaji anayetoa lita 2.3 kwa saa hawezi kuzirudisha zote akiwa uwanjani, na kumlazimisha kutamfanya atapike. Lengo la uwanjani ni upungufu usizidi asilimia 2. Deni linalobaki hulipwa jioni, lita 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo iliyopungua. Kwa mchezaji wetu hiyo ni lita 3.0 hadi 3.6, zikigawanywa kati ya chakula cha mchana na wakati wa kulala.

Sasa chumvi. Lita moja ya jasho hubeba kwa kawaida karibu gramu moja ya sodiamu, ingawa watu hutofautiana sana. Lita 4.6 zimeondoka na gramu 4 hadi 5, ambazo ni karibu vijiko viwili vya chai vya chumvi ya mezani. Kinywaji cha kawaida cha michezo kina chini ya nusu gramu kwa lita. ORS, ileile tunayopewa zahanati mtoto anapoharisha, ina takriban gramu 1.7 kwa lita. Mchezaji ambaye jezi yake ikikauka hubaki na michirizi meupe ya chumvi, na ambaye misuli humbana kila jioni, anahitaji chumvi kwenye chakula na ORS baada ya mazoezi kuliko anavyohitaji chupa nyingine ya maji matupu.

Mashabiki wa zamani watakumbuka mechi ya ufunguzi ya Septemba 2000 jimboni Texas, ambapo Philadelphia Eagles waliwafunga Dallas Cowboys 41 kwa 14 katika joto la takriban nyuzi 43, na mtaalamu wao wa tiba akawa amewanywesha wachezaji maji ya achari ya matango. Achari ilipata sifa zote. Ina sodiamu nyingi, kweli, lakini mkupuo mmoja mdogo haulipi deni la gramu nne, na sipendi kuona timu ikiibeba kama hirizi.

Tahadhari kubwa: kunywa kupita kiasi kunaua. Maji mengi yanapoingia kuliko yanavyotoka, sodiamu ya damu hushuka na ubongo huvimba. Mwaka 2014 kijana wa shule ya sekondari jimboni Georgia alifariki baada ya kunywa maji na vinywaji vya michezo kwa galoni ili kutuliza misuli iliyombana. Kinywaji cha michezo hakikumwokoa, kwa sababu nacho kwa sehemu kubwa ni maji. Mchezaji aliyemaliza mazoezi akiwa mzito kuliko alivyoanza, hasa akiwa na kichwa kinachouma, kichefuchefu na vidole vilivyovimba, aache kunywa na apelekwe kwa daktari. Bila mizani ya hatua ya 4 huwezi kumtofautisha na aliyepungukiwa maji.

Kwa anayefunga Ramadhani: Husain Abdullah alifunga akiwa kambini na Minnesota Vikings mwaka 2010, kwa kusaidiana na wataalamu wa timu. Mwezi huo kwa sasa hauangukii kambi ya Julai na Agosti, lakini hugusa mazoezi ya majira mengine. Mazoezi yasogezwe karibu na futari, mizani itumike wakati wa futari na wakati wa daku, na siku ya WBGT ya juu mchezaji afanye kazi ya darasani.

## Hatua ya 6: Jaza beseni kabla ya filimbi ya kwanza

Weka beseni kivulini, hatua chache kutoka uwanjani. Lijaze maji nusu, kwa kuwa mwili mkubwa utapandisha kina. Makasha ya barafu yakae pembeni yakiwa yamejaa, na siku ambayo WBGT imepita 27.8 mwaga barafu mapema ili maji yashuke chini ya nyuzi 15. Shuka, taulo, mkasi na kipimajoto viwekwe ndani ya mfuko mmoja uliofungwa kwenye mpini wa beseni.

Gawa kazi kwa majina: nani anapiga simu, nani anafungua geti na kumpokea dereva wa gari la wagonjwa, nani anashika kichwa, nani anakoroga maji. Fanyeni jaribio na mtu mzito kuliko wote, akiwa na vifaa vyake. Jaribio limefaulu ikiwa kuanzia mtu kulala chini hadi kuwa ndani ya maji hamkuzidi dakika tano. Timu nyingi hugundua siku hiyo kwamba watu wawili hawawezi kumnyanyua mtu wa kilo 150 aliyelegea.

## Hatua ya 7: Tambua kiharusi cha joto bila kusubiri

Dalili ya kutazama ni akili, si ngozi. Mchezaji anayepepesuka, anayejibu maswali ovyo, aliyekasirika ghafla bila sababu, anayekwenda upande usio wake, anayetapika na kulala chini au aliyezimia, achukuliwe kuwa ana kiharusi cha joto hadi kipimo kikanushe. Imani kwamba lazima ngozi iwe kavu imetokana na kuwaona wazee wanaougua majumbani wakati wa wimbi la joto. Mwanamichezo huanguka akiwa analowa jasho.

Mwulize jina la mpinzani wa wiki iliyopita au mchezo uliochezwa sasa hivi. Kuwa mwangalifu na yule anayejibu vizuri kwa dakika chache kisha akapotea tena. Utulivu huo umewadanganya watu wengi.

Kisha pima kwa njia ya haja kubwa, mkiwa mmemzungushia shuka kwa ajili ya heshima. Joto la zaidi ya nyuzi 40 pamoja na akili iliyovurugika ni kiharusi cha joto. Kipimajoto cha kwapani au kwenye paji la uso husoma ngozi iliyopozwa na jasho na upepo, kwa hiyo kinaweza kukupa nyuzi 38 wakati ubongo unaungua. Kama huna kipimajoto sahihi, usipime kabisa. Fuata dalili na uende hatua ya 8.

Korey Stringer wa Minnesota Vikings, mwenye umri wa miaka 27, aliugua mazoezini Mankato tarehe 31 Julai 2001. Alipofikishwa hospitalini mwili wake ulikuwa na nyuzi 42.7, na akafariki usiku huo, alfajiri ya tarehe 1 Agosti. Taasisi inayobeba jina lake katika Chuo Kikuu cha Connecticut, iliyoanzishwa mwaka 2010, ndiyo iliyosambaza sana kanuni ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 8: Poza kwanza, safirisha baadaye

Kanuni hii huwashangaza wasomaji, kwa kuwa tumezoea kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Piga simu ya dharura mara moja, ndiyo, lakini mchezaji aingie kwenye beseni wakati gari liko njiani, na asitolewe kwa sababu tu gari limefika. Hatari hutegemea dakika ambazo mwili umekaa juu ya nyuzi 40.5, na lengo ni kuushusha ndani ya dakika 30 tangu aanguke. Gari la wagonjwa haliwezi kumpoza kwa kasi hiyo.

Mfuatano ni huu. Vua helmeti na viatu, kata pedi za mabega kama zinachelewesha, na msitumie dakika nzima kutafuta kamba. Zilizobaki zikatwe akiwa majini. Pitisha shuka kifuani na chini ya makwapa, na mtu mmoja ashike ncha zake nyuma ya kichwa ili mgonjwa asizame. Mzamishe hadi shingoni. Funika kichwa kwa taulo yenye barafu, ibadilishwe kila inapopata joto. Korogeni maji bila kuacha, kwa sababu maji yaliyotulia hutengeneza tabaka la joto kuzunguka ngozi. Barafu ifunike uso wa maji muda wote.

Atapiga kelele, atapigana, ataomba atolewe. Msimtoe. Kupigana kwake ni akili iliyovurugika, na mara nyingi ni ishara kwamba inaanza kurudi.

Mwili hushuka kwa takriban nyuzi moja kila dakika tano. Aliyeanza na 41.7 atafika 38.9 katika dakika 14 hivi, na 38.9 ndiyo namba ya kumtolea, kwa kuwa joto litaendelea kushuka lenyewe na hatutaki apoe kupita kiasi. Asiyepimwa akae dakika 10 hadi 15. Baada ya hapo ndipo apande gari.

Pasipo beseni, mlaze kwenye turubai, watu watano au sita wainue kingo zake, mwageni maji na barafu ndani na kuutikisa. Taulo za barafu mwili mzima, zikibadilishwa kila dakika mbili au tatu, ni njia ya tatu kwa ubora. Vifuko vya barafu makwapani na kwenye kinena peke yake, kumwagilia maji usoni au kumpeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi havitoshi. Jordan McNair wa Chuo Kikuu cha Maryland, kijana wa miaka 19, alianguka mazoezini Mei 2018 na kufariki wiki mbili baadaye. Uchunguzi huru ulibaini kwamba hakuzamishwa kwenye maji baridi.

Asipewe kinywaji wakati akili haijatulia, kwa kuwa kinaweza kuingia mapafuni. Mafanikio ya hatua hii huonekana wazi: anatetemeka, anauliza yuko wapi, anataja jina la mama yake, na kipimo kinasoma 38.9.

## Hatua ya 9: Kumrudisha uwanjani

Aliyepata uchovu wa joto tu, ambaye akili yake haikuyumba, asirudi siku hiyohiyo. Aliyepata kiharusi cha joto asifanye mazoezi kwa angalau siku 7 baada ya kutoka hospitalini, kisha apimwe damu kuangalia figo, ini na misuli. Daktari akiridhika, aanze na mazoezi mepesi mahali penye ubaridi, halafu arudie siku 14 za hatua ya 2 tangu mwanzo, helmeti peke yake kwanza.

Daftari la hatua ya 4 lifunguliwe tena kwa jina lake siku anaporejea, kwa uzito mpya wa asubuhi, kwa kuwa huenda amerudi akiwa mwepesi kwa kilo kadhaa na namba za zamani hazimhusu tena. Jina lake sasa linakaa la kwanza kwenye orodha ya hatua ya 1.